Nusu Debe la Udongo

Tangu nirudi, kila anayeingia karakana hapa Mugutha ananiuliza kitu kimoja: udongo ulipatikana? Ulipatikana, nusu. Halafu anauliza mbona nusu, na mbona safari ya siku nne ikawa ya siku tisa, na hapo nashindwa kujibu kwa sababu nimeshika fimbo yenye kioo cha moto. Basi nimeandika. Someni pole pole, na mkimaliza msiniulize tena mpaka Krismasi.

Kwa wale wa kanisani ambao wanajua tu kwamba Njeri huyeyusha chupa, nieleze kidogo. Kabla watu hawajajua kupuliza kioo, huko Misri ya kale walitengeneza vichupa vya mafuta na marashi, virefu kama kiganja. Walifinyanga kwanza kiini cha udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe kwenye ncha ya fimbo ya chuma. Kiini kikishakauka walikizungushia kioo kilichoyeyuka, uzi juu ya uzi, kisha nyuzi za rangi nyingine, wakazivuta kwa ndoano juu na chini mpaka zikafanana na manyoya ya ndege. Kichupa kikishapoa, fimbo hutolewa, udongo hukwanguliwa, na pale ulipokuwa udongo panabaki nafasi. Mwalimu mmoja wa chuo kule Juja aliniletea picha, akaniuliza kama naweza kumtengenezea kimoja kwa njia hiyo hiyo. Nikasema naweza. Nilivunja kumi na kimoja.

Udongo wetu mwekundu ukiingia motoni unageuka tofali. Kioo kikipoa kinataka kujikaza, kiini kinakataa, unasikia "tik" ndani ya tanuru, na kesho yake unakuta ufa kutoka shingoni hadi kitako. Baada ya cha kumi na moja nilikaa chini nikamkumbuka Mama.

Mama alikuwa Mluhya wa Khayega, karibu na Kakamega, na wanawake wa kwao ni wafinyanzi. Alikuja Thika kufanya kazi kiwandani, akampata Baba. Alikuwa na chungu kimoja cha kwao, na kila alipokiepua motoni alikigonga kwa kidole akasema, "Udongo wetu unajua kuachilia." Hatukumwuliza unaachilia nini. Baba alifariki, na mwaka uliofuata Mama naye. Kwa kuwa Baba hakuwahi kufika kwao na wazee wake kutoa mahari kama inavyotakiwa, watu wa Mama walikuja wakamchukua, wakamzika kwao. Tulikwenda watoto wanne tukarudi watatu. Kitinda mimba wetu, Mmbone, alikuwa na miaka minne, na kwa desturi yetu ya Kikuyu alikuwa amepewa jina la mama yake Mama. Bibi huyo alisema hawezi kuliacha jina lake liende tena Thika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeshaacha kidato cha pili, na ndugu zangu wawili walikuwa wananitegemea. Nikakubali. Pale langoni nilimwambia Mmbone, "Krismasi nitakuja kukuchukua."

Hiyo ni miaka kumi na minane iliyopita.

Nilimpigia simu Khotsa. Ndivyo wao humwita mjomba, ndugu ya mama. Nilimwambia, "Khotsa, nakuja kuchukua udongo wa Mama." Alinitaka nirudie, nikarudia. Kisha akauliza nitakuja na nani. Nikasema peke yangu. "Basi njoo," akasema. "Utatukuta." Shikeni maneno hayo, kwa maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mugutha hadi mizani ya Gilgil

Nilisafiri na lori la Wekesa, yule dereva wa Bungoma anayetuletea chupa kuukuu kutoka magharibi na kurudi na chakula cha kuku kutoka Eneo la Viwanda Thika. Wekesa ni mtu wa maneno mengi. Kutoka Ruiru hadi Limuru aliniita "wa Mananasi", kwa yale mashamba yetu ya Thika, akanisimulia ndoa za dada zake wote, akala nusu ya githeri ya mahindi na maharage niliyobeba huku akiilalamikia kwamba haina chumvi.

Kwenye bakuli la bati nilikuwa nimefunga kwa leso kile kichupa cha kumi na moja, kikiwa na ufa wake na kiini chake ndani, ili wafinyanzi waone shida iko wapi. Magotini nilikuwa na mikate sita na sukari.

Tulipofika Kinungi, kwenye karoti zile zilizopangwa kama kuni, Wekesa aliniuliza naenda kufanya nini kwao. Nikamjibu kama nilivyomjibu Khotsa: naenda kuchukua udongo wa Mama. Alizima redio.

"Umebeba kuku?" akauliza.

"Kuku wa nini? Nimebeba mikate."

"Mikate," alisema, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa. Kisha: "Kwenda nitakupeleka. Kurudi, lazima kwanza tuongee."

Nilidhani anaogopa uzito. Nikamtuliza kwamba mzigo wenyewe ni debe moja tu.

"Najua ni debe," akasema. "Kwani inaweza kuzidi debe?"

Hakuniita tena wa Mananasi siku ile. Aliniita dada, kwa sauti ya chini, na kila tulipopita kanisa alitoa kofia.

Kwenye mizani ya Gilgil tulipanga foleni saa tatu nzima. Askari mmoja alinifungulia bakuli, akakiinua kichupa kwenye jua. Ni cha buluu, kina nyuzi nyeupe na za manjano, na hata na ufa wake kinapendeza. Aliuliza ni nini. Nikasema ni chupa ya marashi ya zamani. Aliona shingo imezibwa kwa udongo, akatikisa, hakikutoa sauti.

"Chupa imejaa udongo?"

"Ndiyo, afande. Udongo ndio unaiweka umbo. Baadaye unatolewa."

"Sasa wewe unauza chupa ama unauza shamba?"

Wenzake walicheka. Wekesa hakucheka. Alikichukua kichupa kutoka kwa askari kwa mikono miwili, akakirudisha kwenye leso mwenyewe. Aliendesha hadi Nakuru akiwa ameacha nafasi kubwa kati yake na lile bakuli.

Timboroa

Barabara ile niliijua. Niliipita mara ya kwanza nyuma ya gari lililombeba Mama, Mmbone amelala mapajani mwangu, na mara ya pili nikirudi, mapaja yakiwa matupu. Hadi safari hii sikuwa nimeipita tena, lakini nimeiota mara nyingi kuliko nilivyoiota barabara ya kwenda Thika mjini ambayo naipita kila juma.

Kule Timboroa mkanda wa feni ulikatika. Wekesa alisema mwingine utatoka Eldoret, na Eldoret ikasema utakuja kesho. Kuna baridi pale ambayo sisi watu wa Ruiru hatuna nguo yake. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alituita ndani, akanivisha koti la mumewe, la kurudisha nikipita tena, bila kuniuliza jina, akatuletea maziwa kwenye vikombe vya bati. Maziwa yalikuwa na rangi ya jivu. Nikadhani kikombe hakikuoshwa, nikageuka upande nikakifuta kwa kona ya leso, nikakuta weusi hautoki kikombeni, uko ndani ya maziwa. Yule mama aliniona. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akaniambia kwamba huo ni mkaa wa mti, wanausugua ndani ya kibuyu makusudi, na kwamba wageni kutoka Kiambu wote hufuta kikombe. Nilikunywa. Yalikuwa machachu, na niliomba mengine.

Nje kulikuwa na mahindi ya kuchoma. Wakati ule wa mazishi gari lilisimama mahali kama hapa, Mmbone akaamka akaona moshi, akataka hindi. Sikuwa na kitu. Nilimwambia nitamnunulia tukirudi. Alikubali mara moja. Alikuwa mtoto wa kukubali mambo, hakulia. Ndiyo sababu niliposimama pale kwenye moshi, mwanamke mzima mwenye miaka thelathini na minne, nilinunua hindi moja nikalifunga kwenye gazeti nikaliweka ndani ya koti. Wekesa aliniambia litapoa. Nikasema najua.

Mkanda ulikuja siku ya pili jioni. Siku ya tatu tulipitia Eldoret na Kapsabet, tukashuka Chavakali, tukapinda kulia.

Viti vya Khayega

Nilitegemea kumkuta Khotsa na mama mdogo, basi. Mama mdogo ni dada yake Mama anayemfuata. Ndiye aliyemlea Mmbone baada ya bibi naye kufariki. Lakini nilipofika langoni niliona turubai, na chini yake viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, na wazee waliovaa makoti, na mchungaji. Kaburi la Mama kando ya migomba lilikuwa limefyekwa nyasi vizuri sana, na vijana wanne wamelizunguka wakiwa wamesimama.

Wenzangu, nililia. Nilidhani wameniandalia mapokezi. Nilipita nikiwasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, nikampa mama mdogo mikate, na nilipoambiwa niseme neno nilisimama nikawashukuru kwamba wamejisumbua hivi kwa ajili ya udongo tu. Niliongeza, na hili naomba msinicheke sana, kwamba nisingechukua mwingi, na kwamba ningependa ule wa chini kabisa kwa sababu ndio laini.

Mzee mmoja alianza kuomba kwa kunong'ona.

Khotsa alisimama. Ni mtu mrefu, ana pua ya Mama. Alisema dada yake alirudishwa nyumbani na wazee wakiona, amelala kati ya mama yake na baba yake, na kwamba kama watu wa Mugutha wameamua leo, baada ya miaka hii yote, kumchukua wakamlaze kwa mume, basi wangetuma wanaume wa kuongea na wanaume. Wasingemtuma msichana na mikate.

Ndipo nikaelewa viti. Kwao, mtu akizikwa mbali na mahali anapostahili kulala, jamaa wanaweza kwenda kuchota udongo wa kaburi lake wakaupeleka nyumbani, na udongo ule unakuwa ndiye yeye. Unasafirishwa kama maiti, na kuku. Nilikuwa nimewapigia watu simu nikawaambia nakuja peke yangu kuchukua kaburi la mama yangu, na kwamba nalitaka la chini kabisa.

Niliomba radhi hadi sauti ikakauka. Nikafungua leso, nikatoa kichupa, nikaeleza: fimbo, kiini, kioo, ufa. Nilisema nataka udongo wa vyungu, ule ambao Mama alisema unaachilia. Kichupa kilipita mkono kwa mkono. Mzee aliyekuwa akiomba alikigeuza, akanusa shingo, akasema kwa Kiswahili ili nisikie, "Kumbe tumekodi turubai kwa sababu ya chupa." Wakaanza kucheka kutoka viti vya nyuma kuja mbele, na mwisho hata Khotsa alicheka, akifuta macho, akisema mama yenu naye alikuwa na mdomo huu huu wa kuanza maneno katikati.

Mmoja hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Nilimjua kwa shingo. Mama alikuwa akisimama vile, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilikwenda kwake, nikasema, "Mmbone," nikatoa lile hindi ndani ya koti.

"La nini?" akauliza.

Nikamwambia nilimwahidi pale Timboroa. Alifikiri. Hakukumbuka. Lakini alilichukua, gumu vile, akaanza kulipukuchua kwa kidole gumba, akila punje moja moja, macho yake yakiwa juu ya viti vilivyokuwa vinakunjwa.

"Niliposikia unakuja kumchukua Mama nilifurahi," alisema. "Wote walikuwa na hasira, mimi nikafurahi. Nilisema, kama ameanza kuchukua watu wake, atafika kwangu."

Alitafuna punje nyingine.

"Kumbe ni udongo wa chupa."

Shimo

Udongo wanaouchimba uko bondeni karibu na mto, kwenye shimo la zamani ambalo wanawake wa ukoo ule wamelitumia tangu enzi za bibi zao. Ni wa kijivu, unang'aa ukiukata kama siagi. Asubuhi ya nne mama mdogo alituongoza, mimi na Mmbone, majembe begani. Kwenye ukingo alisimama akatugeukia. Kuna jambo wanalifuata pale: watu wawili wenye kinyongo hawashuki shimoni pamoja, maana chungu cha udongo ule kitapasuka tu. Na mgeni hawezi kuchimba bila mtu wa nyumba kushuka naye. Kwa hiyo aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mmemaliza yenu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mmbone aliwahi.

"Bado."

"Basi hamchimbi," alisema mama mdogo, akaweka jembe begani, tukarudi nyumbani.

Siku nzima nilifanya kazi za pale. Nilichota maji, nilimenya ndizi, nilifagia ukumbi. Wakati wa chakula waliniletea ugali na mrenda, na mrenda, kama hamjaujua, ni mboga inayovutika. Niliunyanyua, ukanifuata hadi kidevuni, nikauzungusha kwenye tonge kama ninavyozungusha kioo kwenye fimbo. Nilisikia Mmbone akicheka puani. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikula sahani mbili.

Asubuhi ya tano, ukingoni: "Mmemaliza?" "Bado." Tukarudi.

Siku hiyo Mmbone alinikuta mtoni nikisugua sufuria, akaketi kwenye jiwe la pili. Aliongea bila kuniangalia. Alipoondoka kwetu alikuwa akisema "rori" kama sisi sote, sasa "l" zake zimenyooka, na ile "kh" yao inamtoka kooni bila taabu. Alisema Krismasi ya kwanza aliketi langoni amevaa viatu tangu asubuhi. Ya pili pia. Ya tatu bibi alimficha viatu.

Nilikuwa na sababu zangu zimepangwa tangu Limuru. Nilizitoa. Mwaka wa kwanza Mugo, mdogo wetu wa tatu, alilazwa na kichomi. Mwaka wa pili Kamau, anayenifuata mimi, alifukuzwa shule nikazunguka naye kutafuta nyingine.

"Na wa tatu?"

Ningeweza kupata jambo. Miaka kumi na minane haikosi ugonjwa wa mtu. Lakini alikuwa ameshika sufuria upande wa pili, tunaisugua pamoja, na nilikuwa nimechoka.

"Wa tatu hakuna aliyeugua," nikamwambia. "Niliogopa. Nilijua utakuwa umeshakuwa mtoto wa hapa, nikifika utajificha nyuma ya bibi. Nilisema ni afadhali unichukie nikiwa mbali."

Aliisuuza sufuria, akaiinamisha maji yatoke.

"Ningejificha," alisema. "Halafu ningetoka."

Asubuhi ya sita mama mdogo aliuliza, na Mmbone akasema "bado", lakini alichelewa kidogo kulisema. Khotsa, ambaye sasa alikuwa akija kila asubuhi na kikombe chake cha chai kutazama, alisema yeye amehudhuria kesi za mashamba zilizoisha haraka kuliko hii. Nilipiga simu karakana kusema bado sijachimba. Mnakumbuka mlivyoniuliza kama shimo liko mbali. Nikasema haliko mbali, niko kwenye ukingo wake.

Asubuhi ya saba mama mdogo alituangalia wote wawili. Mmbone aliangalia ndani ya shimo.

"Nusu," akasema.

Mama mdogo hakuwahi kupewa jibu hilo. Aliligeuza kichwani, akamwangalia Khotsa, Khotsa akanywa chai.

"Basi chimbeni nusu debe," akasema.

Tukashuka. Mmbone alichimba, mimi nikatoa mawe na mizizi kwa vidole. Hatukuongea. Aliusogeza mkono wangu mara moja, akanionyesha niukate udongo kwa ukingo wa jembe, nisiuchote. Debe lilipofika katikati aliweka alama kwa kucha na tukaacha, ingawa chini yetu kulikuwa na mwingine mzuri zaidi unaong'aa.

Jioni walikikagua kichupa changu jikoni. Mama mdogo alisema udongo peke yake hautanisaidia sana. Wao huponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakavichanganya na udongo mpya, na hicho ndicho kinachoupa nafasi ya kupumua motoni. Kilichokwisha kupita motoni hakiogopi tena. Aliinama nyuma ya kinu akatoa kitako cha chungu cheusi, akakiweka mapajani kwa Mmbone. Alisema ndicho cha mwisho Mama alichofinyanga pale kabla hajaenda Thika. Kilivunjika Mmbone akiwa mdogo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitupa.

Mmbone alikiponda mwenyewe kwa jiwe, taratibu, hadi kikawa kama unga wa mtama. Niliuliza kama Khotsa hapaswi kwanza kuambiwa.

"Khotsa asiambiwe kitu," alisema mama mdogo. "Ataita tena turubai."

Kurudi

Wekesa alinichukua siku ya nane barabarani, chupa kuukuu zikilia nyuma. Mmbone alinibebea debe hadi kwenye lami. Nilikuwa nimejizuia siku zote kumwomba aje Mugutha, na hapo pia nilijizuia, kwa sababu aliyewahi kuahidi asitimize hana haki ya kuomba. Nilimshika tu mikono, yenye udongo kwenye kucha kama yangu ilivyo na vipande vya kioo.

Alinisaidia kuliingiza debe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukuma wiki, "Ile nusu nyingine nitaleta mimi. Krismasi. Nione hiyo nyumba."

Nikasema sawa.

"Na ukitengeneza hicho kichupa, udongo usiutoe. Ngoja nifike. Mimi ndiye nitautoa."

Wekesa hakuwasha gari mpaka aliponiangalia, akaangalia debe, akaangalia mfuko mdogo wa unga wa kile chungu niliokuwa nimeushika kifuani.

"Kwa hivyo umemchukua?" akauliza.

Nilitaka kumweleza yote, viti na kaburi na kosa langu. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya ule mfuko.

"Kidogo," nikasema.

Alitoa kofia. Kule Kapsabet alisimama sokoni, akarudi na jogoo amefungwa miguu, akamweka katikati yetu bila maelezo. Huyo ndiye jogoo mnayemwona nje ya karakana, anayewika saa zisizo zake. Naombeni msimchinje.

Mugutha

Nilitengeneza vitatu kwa ule udongo uliochanganywa na ule unga. Viwili vilinishinda kwa sababu zangu mwenyewe, niliharakisha. Cha tatu nilikizungusha vizuri, buluu, na nyuzi nyeupe nikazivuta kwa ndoano, na nikakiacha kipoe pole pole tanuruni. Nilisikiliza siku nzima. Sikusikia "tik". Nilipofungua, kilikuwa kizima, shingo hadi kitako. Fimbo nilipoigusa ilitoka yenyewe, kama kisu kwenye muhogo ulioiva. Nilijua hapo kwamba hata kiini kingetoka kwa kijiti na maji kidogo. Kiko tayari. Unaachilia, kweli.

Sijakigusa. Kiko kwenye rafu ya dirishani. Mwalimu wa Juja amekuja mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia hakijawa tayari. Mara ya pili alikiinua kwenye mwanga akasema mbona hakipitishi mwanga, nikamwambia kina mtu ndani, akacheka akidhani ni mzaha. Amesema atangoja.

Mmbone hupiga simu siku za Jumapili, baada ya ibada. Huuliza, "Umeutoa?" Nasema bado. Anasema vizuri. Jumapili iliyopita nilimwuliza atasafiri na nini, nikaanza kumweleza magari ya kutoka Kakamega na mahali pa kushukia, akanikatiza.

"Nitakuja na rori," akasema.

Alilisema hivyo hivyo, kama sisi, kama alivyolisema akiwa na miaka minne. Sijui alikuwa ananicheka au alikuwa amekumbuka. Sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo, lori lolote likipunguza mwendo hapo kwenye matuta mbele ya karakana, natoka nje na miwani ya kazi usoni, nasimama kando ya jogoo, naangalia mpaka lipite.